Kamaladevi, mjane aliyeirejeshea India rangi za nguo zake

MSIMU wa arusi za jamii ya Wahindi unapowadia, anayepita katika mitaa ya Ngara na Parklands jijini Nairobi, au katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, hakosi kusimama kidogo atazame. Kina mama hupita wakiwa wamejitanda sari za hariri za rangi ya manjano, zambarau na kijani kibichi. Bibi arusi huvaa nyekundu iliyotariziwa kwa nyuzi za dhahabu. Wasichana nao huvaa sketi pana zilizopachikwa vioo vidogo vidogo ambavyo humetameta kila wanapogeuka.

Wengi huyaona mavazi hayo wakadhani kuwa yamekuwapo siku zote na yataendelea kuwapo daima. Hawajui kwamba katikati ya karne ya 20, nyingi kati ya kazi za mikono zinazoyazaa mavazi hayo zilikuwa zikichungulia kaburi. Miongoni mwa watu waliozizuia zisizikwe ni mwanamke mmoja ambaye, kwa mila za jamii yake, hakustahili hata kuvaa nguo ya rangi. Huyo ni Kamaladevi Chattopadhyay.

Jina lake halivumi sana humu nchini, ilhali maisha yake yana funzo kwa kila anayekula kwa jasho la mikono yake: fundi wa cherehani anayeketi kwenye veranda ya duka, mama anayesuka vyondo Ukambani, hata mchonga vinyago wa Wamunyu. Funzo lenyewe ni kuwa kazi ya mikono haiokolewi kwa kusifiwa. Huokolewa kwa kununuliwa, tena kwa bei inayomlisha aliyeifanya.

Utoto wa misiba

Kamaladevi alizaliwa Aprili 3, 1903 mjini Mangalore, mji wa bandari ulioko kusini magharibi mwa India, ng'ambo ya bahari kutoka pwani yetu. Babake, Ananthaya Dhareshwar, alikuwa afisa wa ngazi ya juu katika utawala wa Mwingereza. Mamake, Girijabai, alitoka katika ukoo wa wenye mashamba na alikuwa amepata elimu, jambo lililokuwa nadra kwa wanawake wa zama zile. Nyumbani kwao walipita wapigania uhuru na wanaharakati wa haki za wanawake, na binti huyo akakua akisikiliza mazungumzo ya watu wazima kuhusu nchi yao.

Raha hiyo haikudumu. Alipokuwa na umri wa miaka saba, babake alifariki bila kuacha wosia. Kwa sheria ya wakati huo, mali yote ilimwendea mwana wa kiume wa mke wa kwanza. Girijabai na bintiye wakabaki mikono mitupu. Mjane huyo aliahidiwa posho ya kila mwezi, lakini akaikataa. Aliona heri kuishi kwa mali aliyotoka nayo kwao alipoolewa kuliko kunyoosha mkono kila mwezi mbele ya waliochukua kilichokuwa chake.

Mtoto aliyeshuhudia hayo alijifunza mapema tofauti iliyopo kati ya kupewa na kupata. Tofauti hiyo ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa kazi yake yote.

Mnamo 1917, akiwa na umri wa miaka 14, Kamaladevi aliozwa. Kabla ya miaka miwili kutimia, mumewe, Krishna Rao, aliaga dunia. Katika familia za tabaka la Brahmin, mjane, hata akiwa mtoto, alitarajiwa kuvua bangili zake, kuweka kando nguo za rangi na kuvaa kitambaa kisicho na pambo hadi mwisho wa maisha yake. Kuolewa tena kulikuwa mwiko.

Ni vyema msomaji aelewe uzito wa jambo hilo. Kwa Wahindi, rangi ya nguo si urembo tu, bali pia ni tangazo la hali ya mtu. Nyekundu humtangaza bibi arusi, manjano huandamana na sherehe za kumpaka manjano kabla ya ndoa, na nyeupe katika jamii nyingi huwa ni vazi la mfiwa. Kumvua mwanamke rangi ilikuwa ni njia ya kumwambia kwamba maisha yake yamekwisha.

Kamaladevi hakukubali kwamba yake yalikuwa yamekwisha kabla hayajaanza. Alirudi masomoni, akajiunga na Chuo cha Queen Mary's katika jiji la Chennai, wakati huo likiitwa Madras. Huko alifahamiana na Suhasini, dadake mdogo wa mshairi na mwanasiasa mashuhuri Sarojini Naidu. Kupitia kwake alikutana na kaka yao, Harindranath Chattopadhyay, aliyekuwa mshairi na mwandishi wa tamthilia. Wakapendana, wakaoana, na ndoa hiyo ya mjane ikazua minong'ono miongoni mwa walinzi wa mila. Walijaaliwa mtoto mmoja wa kiume.

Wawili hao walipenda sana jukwaa. Kamaladevi aliigiza katika michezo na, baadaye, katika filamu, katika enzi ambapo wanawake wa familia zenye heshima zao hawakuthubutu kuonekana jukwaani. Ndoa yenyewe haikudumu. Miaka ya baadaye waliachana kisheria, hatua nyingine ambayo wanawake wachache mno wa wakati wake waliweza kuichukua. Hata hivyo, jina la Chattopadhyay alibaki nalo hadi kufa.

Uzi na ukoloni

Mapema katika miaka ya 1920, Kamaladevi alikwenda London, akasomea elimu ya jamii katika Chuo cha Bedford. Akiwa huko alipata habari za harakati za Mahatma Gandhi za kususia utawala wa Mwingereza. Alirejea nyumbani akajiunga na mapambano.

Katika mapambano hayo, nguo ilikuwa silaha. Kwa karne nyingi vitambaa vya India vilikuwa vikiuzwa pembe nyingi za dunia. Vya Gujarat na Kutch vilivuka bahari kwa majahazi hadi Mombasa, Lamu na Zanzibar, vikabadilishwa na pembe za ndovu na bidhaa nyinginezo. Katika karne ya 19 mambo yaligeuka. Viwanda vya Lancashire nchini Uingereza vilifuma kwa mashine, vikaijaza India nguo za bei nafuu, na mamilioni ya wasokotaji na wafumaji wa vijijini wakapoteza riziki.

Gandhi aliwataka Wahindi wasokote uzi wao wenyewe na wavae khadi, yaani kitambaa kilichosokotwa na kufumwa kwa mkono. Mnamo 1921 malundo ya nguo za kigeni yalichomwa moto hadharani. Kila aliyevaa khadi alikuwa akitangaza msimamo wake bila kufungua kinywa.

Kamaladevi alikuwa mfuasi wa Gandhi, ila hakuwa mtu wa kuitikia kila jambo. Mnamo 1926 aligombea kiti katika baraza la kutunga sheria la jimbo la Madras, akawa mwanamke wa kwanza nchini humo kujitosa katika uchaguzi wa aina hiyo. Alishindwa kwa kura chache mno. Mwaka uliofuata, Kongamano la Wanawake wa India Nzima lilipoundwa, alikuwa miongoni mwa waliolisimamisha, na akashika wadhifa wa katibu.

Mnamo 1930 Gandhi alipopanga matembezi ya kwenda kuvunja sheria ya chumvi, hakuwa amepanga wanawake washiriki. Kamaladevi alimwendea akamshawishi abadili nia. Yeye mwenyewe aliongoza wanawake katika ufuo wa Bombay, jiji ambalo sasa huitwa Mumbai, wakachemsha maji ya bahari na kutengeneza chumvi bila kibali cha serikali. Baadaye aliingia hadi katika soko la hisa la jiji hilo akinadi pakiti za chumvi hiyo. Alikamatwa na kufungwa jela, na hiyo haikuwa mara ya mwisho. Mnamo 1936 alichaguliwa rais wa chama cha kisoshalisti kilichokuwa ndani ya Congress.

Ushujaa wake haukuishia India. Mnamo 1941, akisafiri kwa gari-moshi katika jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani, aliamriwa aondoke katika behewa la Wazungu. Mkaguzi wa tikiti alipotambua kuwa huyo ni mgeni kutoka India alilegeza kamba, lakini Kamaladevi hakuutaka upendeleo huo. Alimweleza kwamba yeye pia ni mwanamke wa rangi, kama wale Waamerika weusi waliokatazwa kuketi hapo, na kwamba hangehama. Aliendelea na safari kwenye kiti kile kile. Hiyo ilikuwa miaka 14 kabla ya Rosa Parks kukataa kuondoka kwenye kiti cha basi jijini Montgomery.

Wakimbizi waliokataa sadaka

Mwezi wa Agosti 1947 India ilipata uhuru, na papo hapo ikagawanywa, Pakistan ikazaliwa. Zaidi ya watu milioni 10 walivuka mipaka mipya wakikimbia kuuawa, na mamia ya maelfu hawakufika. Delhi ilifurika kambi za wakimbizi. Wengi wa wanawake waliokuwamo walikuwa wamepoteza waume, nyumba na kila walichomiliki.

Wenzake wengi wa enzi za mapambano walikuwa wakigawana vyeo vya serikali mpya. Kamaladevi alikwenda kambini.

Huko alikutana na hali aliyoifahamu tangu utotoni: wajane walioachwa mikono mitupu, na wakuu waliodhani kwamba suluhisho ni kuwapa posho. Alishikilia kuwa mgao wa chakula na blanketi ungewaweka hai lakini haungewainua. Mnamo 1948 alianzisha Muungano wa Ushirika wa India ili wakimbizi wapate mtaji, vifaa na soko kupitia vyama vyao wenyewe. Kundi la kwanza lilipewa ardhi ya kulima karibu na Delhi. Baadaye, kusini mwa jiji hilo, wakimbizi kutoka mpaka wa kaskazini magharibi walijenga mji mpya wa Faridabad kwa mikono yao, wakawa na nyumba, shule na karakana.

Kwa wanawake wa kambini, kifaa kilichokuwa karibu zaidi ni sindano. Wengi walitoka Punjab, ambako msichana hakuolewa bila kuwa na phulkari, yaani mtandio uliotariziwa maua. Kazi hiyo huhitaji macho makali na subira. Kitambaa kizito cha pamba, mara nyingi chekundu kilichokolea, hutariziwa kwa uzi laini wa hariri usiosokotwa. Fundi hufanya kazi upande wa nyuma wa kitambaa akihesabu nyuzi moja baada ya nyingine, bila mchoro wa kumwongoza, na maua hujitokeza upande wa mbele asikoangalia. Vazi moja lililojaa nakshi lingeweza kuchukua miezi au hata miaka. Aghalabu nyanya ndiye aliyelianza mjukuu wake alipozaliwa.

Hadi wakati huo kazi hiyo haikuwa bidhaa. Ilifanywa kwa mapenzi, ikatolewa kama zawadi. Lakini kambini mapenzi pekee hayakununua unga. Kazi za sindano za wakimbizi zilianza kuuzwa Delhi, na mwanamke aliyekuwa akipanga foleni kupokea mgao akaanza kurudi kwenye hema lake na pesa alizozitolea jasho.

Hazina iliyotawanyika

Kutokana na kazi ya kambini, Kamaladevi aliona jambo ambalo wakuu wengi wa mipango ya taifa hawakuliona. Wakati huo serikali ilikuwa ikiota mabwawa makubwa na viwanda vya chuma. Mafundi wa vijijini walihesabiwa kuwa masalio ya zamani ambayo maendeleo yangeyafagia. Yeye aliona kwamba baada ya kilimo, hakuna kazi iliyowalisha watu wengi wa vijijini kama hiyo, na kwamba iliwafaa hasa wanawake, kwa kuwa waliweza kuifanya nyumbani bila kuacha watoto.

Aidha, alikuwa na jicho tofauti na la Gandhi. Khadi ya Gandhi ilikuwa nyeupe na nyofu, vazi la kujinyima. Kamaladevi aliiheshimu, ila aliamini kwamba maskini naye ana haki ya urembo, na kuwa rangi na nakshi ndizo zilizokuwa rasilimali kubwa ya fundi wa Kihindi. Mashine iliweza kufuma kitambaa cheupe kwa kasi kuliko mkono wowote. Isingeweza kumshinda kwa urahisi mama anayehesabu nyuzi kwa macho yake.

Alianza kuzunguka nchi nzima, kwa gari-moshi, kwa gari na kwa miguu, hadi vijiji visivyofikika kwa barabara. Alichokikuta kingejaza vitabu, na kwa hakika kilijaza, kwani aliviandika vitabu hivyo, kikiwamo kimoja kuhusu utarizi wa India alichokichapisha mnamo 1977.

Lucknow alikuta chikan, utarizi wa uzi mweupe juu ya kitambaa chepesi cheupe. Mchoro hupigwa kwanza kwa mhuri wa mbao uliochovywa rangi hafifu, wanawake hutarizi juu yake, kisha kitambaa hufuliwa na mchoro ukatoweka, yakabaki maua ya uzi. Bengal kulikuwa na kantha: sari kuukuu zilizochakaa hupangwa tabaka juu ya tabaka, zikashonwa pamoja kwa mishono midogo midogo, kwa nyuzi zilizochomolewa kwenye pindo za sari zizo hizo. Humo hakutupwa kitu. Katika Karnataka, jimbo lake mwenyewe, kulikuwa na kasuti, utarizi usiofungwa fundo hata moja na unaofanana pande zote mbili za nguo.

Magharibi, katika jimbo la Gujarat, eneo la Kutch lilikuwa na utarizi wa vioo wa jamii za wafugaji, ambako kila jamii ilitambulika kwa mishono yake. Huko pia kulikuwa na bandhani, ufundi wa kufunga kitambaa vifundo vidogo kama punje za mtama kwa kucha na uzi kabla ya kukitia rangi, ili vifundo vikifunguliwa yabaki madoa madogo yaliyojipanga kama nyota. Kutch ndiko walikotoka mababu wa Wahindi wengi wa Afrika Mashariki, akiwamo Alidina Visram, mfanyabiashara ambaye maduka yake yalienea kutoka pwani hadi Uganda. Nguo hizo si ngeni kwetu. Ziliingia pamoja nao.

Kila alikopita, kisa kilikuwa kimoja. Ufundi ulikuwapo, walaji hawakuwapo. Fundi mzee alikuwa amekaa na ujuzi wa vizazi kumi mikononi, na mwanawe ameondoka kutafuta kibarua mjini. Pale ambapo wanunuzi walikuwapo, kati yao na fundi alikuwa amesimama mlanguzi, naye ndiye aliyekula minofu akamwachia fundi mifupa.

Duka, bodi na sindano

Mnamo 1952 mambo mawili yalimpa Kamaladevi nyenzo alizozihitaji. Muungano wake wa ushirika ulikabidhiwa usimamizi wa duka kuu la serikali la kazi za mikono jijini Delhi, na yeye akateuliwa mwenyekiti wa Bodi ya Kazi za Mikono ya India Nzima. Wadhifa huo aliushika kwa takriban miaka 20.

Duka la Delhi halikuwa jumba la makumbusho. Lilikuwa soko. Akisaidiana na vijana kama Lakshmi Chand Jain, ambaye alianzia kazi katika kambi za wakimbizi, Kamaladevi alihakikisha kwamba bidhaa zinanunuliwa kutoka kwa mafundi na vyama vyao, kwamba ubora unakaguliwa, na kwamba fundi analipwa ipasavyo. Mnunuzi wa mjini, ambaye awali alipenda vitambaa vya ng'ambo, alianza kuiona sari iliyofumwa kwa mkono kuwa fahari. Wageni kutoka nchi za nje nao wakaanza kubeba vitambaa hivyo kurudi kwao.

Kupitia bodi, alifungua vituo vya mafunzo, akaanzisha utaratibu wa kuwatuza mafundi bingwa katika ngazi ya taifa na kuwatafutia wazee wao msaada wa kujikimu. Mfano mmoja unatosha. Katika mji wa Srikalahasti, kusini mwa India, ufundi wa kalamkari, ambapo fundi huchora visa vya kale kwenye kitambaa kwa kalamu ya mwanzi na rangi za mimea, ulikuwa umebaki mikononi mwa wazee wachache. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kituo cha mafunzo kilifunguliwa hapo, wazee wakawa walimu na vijana wakalipwa ili wajifunze. Leo hii kalamkari huvaliwa kote India, na mji huo unaishi kwayo.

Mnamo 1964 alishiriki kuanzisha Baraza la Ufundi la India, na mwaka huo huo akawa miongoni mwa waasisi wa Baraza la Ufundi la Dunia lililoundwa jijini New York. Mnamo 1966 alitunukiwa Tuzo ya Ramon Magsaysay nchini Ufilipino. Serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Bhushan mnamo 1955 na ya Padma Vibhushan mnamo 1987. Juu ya hayo, alikuwa na mkono mkubwa katika kuzijenga taasisi za kitaifa za ngoma, muziki na maigizo.

Yeye mwenyewe alikuwa tangazo la kutosha. Alivaa sari zilizofumwa kwa mkono, zenye rangi zilizokolea na pindo pana, akajipamba kwa mapambo ya fedha ya kijijini na maua nyweleni. Msichana aliyetarajiwa kuzikwa ndani ya nguo isiyo na rangi alizeeka akiwa amejaa rangi tele.

Kazi isiyokwisha

Haitakuwa haki kusema kwamba Kamaladevi alishinda kila vita. Mashirika ya ushirika aliyoyapenda yalizidiwa nguvu na urasimu wa serikali katika sehemu nyingi. Mashine za kufuma kwa umeme zilijifunza kuiga nakshi za mkono na kuziuza kwa bei ya kutupa, na mnunuzi asiyejua akaona yote ni mamoja. Huko Lucknow, wanawake wengi wanaotarizi chikan majumbani wamezidi kulipwa kwa kipande kupitia mawakala, wakipata sehemu ndogo mno ya bei inayotozwa dukani.

Hata hivyo, mbegu aliyoipanda ilipata wakulima wengine. Mnamo 1972, katika jiji la Ahmedabad, wakili Ela Bhatt alianzisha chama cha wanawake wanaojiajiri, SEWA, ambacho kiliwaunganisha washonaji, watarizi na wachuuzi ili wadai malipo bora kwa sauti moja. Watarizi wa Gujarat na wa Lucknow walipata ndani ya vyama vya aina hiyo kile ambacho mmoja mmoja hawangekipata.

Kamaladevi aliandika kisa cha maisha yake katika kitabu kilichochapishwa mnamo 1986. Miaka miwili baadaye, Oktoba 29, 1988, aliaga dunia jijini Bombay akiwa na umri wa miaka 85. Aprili 3, 2018, miaka 115 tangu azaliwe, mtandao wa Google uliipamba kurasa yake kwa picha iliyomwonyesha akiwa amezungukwa na kazi za mikono alizozipigania, na vijana wengi wakamsikia kwa mara ya kwanza.

Mwanamke wa Kikamba anayemuuzia wakala kiondo kwa bei asiyoipanga yeye, na fundi wa cherehani anayeziona nguo kuukuu za ng'ambo zikimpokonya wateja, watakitambua kisa hiki bila kufafanuliwa. Hao hawahitaji kuambiwa kuwa kazi yao ni nzuri, kwa kuwa hilo wanalijua. Wanahitaji chama kinachowatetea, soko lililo karibu na mnunuzi anayejua tofauti kati ya kazi ya mkono na ya mashine, na aliye tayari kuilipia tofauti hiyo.

Wahenga walinena kuwa chanda chema huvikwa pete. Kamaladevi hakuipinga pete hiyo, kwani alizigawa nishani nyingi kwa mafundi wa nchi yake. Alichokishikilia maisha yake yote, tangu mamake alipoikataa posho mjini Mangalore, ni kwamba chanda hicho kilipwe kwanza.